Dkt. Paul Brand, Mpasuaji Aliyerejesha Mikono ya Wagonjwa wa Ukoma

Dkt. Paul Brand alizaliwa mwaka 1914 kusini mwa India, kwa wazazi wamisionari Waingereza. Baada ya kusomea udaktari London, alirejea India mwaka 1946 kufundisha upasuaji katika chuo cha tiba cha Vellore.

Mwaka 1947 alitembelea kituo cha ukoma cha Chingleput, akakuta wagonjwa ambao vidole vyao vilikuwa vimejikunja wasiweze kushika kazi yoyote. Alipomwomba mmoja wao ambane mkono, alishangazwa na nguvu zake. Alibaini kuwa ukoma uliharibu neva na kupoozesha baadhi ya misuli tu, huku mingine ikibaki mizima. Hivyo akahamisha kano za misuli mizima zifanye kazi ya ile iliyopooza. Vidole vikanyooka, na miguu iliyokuwa ikiburuta ikainuka.

Hata hivyo, viungo vilivyotengenezwa vilipata vidonda upya. Uchunguzi wake ulionesha kuwa nyama haikuwa ikioza kwa ukoma wenyewe. Mgonjwa asiyehisi maumivu alishika sufuria ya moto au kukanyaga msumari bila kujua. Kwa sababu hiyo, upasuaji uliambatana na viatu maalumu na mafunzo ya kukagua mikono na miguu kila siku.

Kuanzia mwaka 1966 aliendeleza kazi hiyo Carville, Marekani, na maarifa yake yakawafaa pia wagonjwa wa kisukari wenye miguu iliyokufa ganzi. Alifariki dunia mwaka 2003.