John Law

John Law (Edinburgh, Uskoti, Aprili 1671 – Venice, Italia, 21 Machi 1729) alikuwa mtaalamu wa uchumi na mwanzilishi wa benki, aliyejaribu kubadilisha namna fedha zinavyotolewa na kusimamiwa nchini Ufaransa. Anakumbukwa hasa kwa kueneza noti za karatasi nchini humo na kwa anguko la Kampuni ya Mississippi mwaka 1720.

Maisha ya awali

Baba yake, William Law, alikuwa sonara. Wakati ule masonara wengi walipokea amana za watu na kukopesha fedha, hivyo John alikua akiiona kazi ya benki nyumbani kwao. Alikuwa hodari wa hesabu. Baada ya kuhamia London alitumia sehemu kubwa ya urithi wake katika kamari.

Tarehe 9 Aprili 1694 alimuua Edward Wilson walipopigana kwa panga. Alihukumiwa kifo, lakini alitoroka gerezani na kukimbilia bara la Ulaya, ambako aliishi katika nchi mbalimbali.

Mawazo yake kuhusu fedha

Mwaka 1705 Law alichapisha kitabu kuhusu fedha na biashara. Wakati huo watu wengi walidhani kwamba utajiri wa nchi ni dhahabu na fedha ilizonazo. Law alipinga. Kwa maoni yake, fedha ni chombo cha kubadilishana bidhaa tu. Fedha zikipungua, mashamba hayalimwi na mafundi hukosa kazi, ingawa ardhi na nguvu za watu zipo. Kwa hiyo alipendekeza benki itoe noti zenye dhamana ya ardhi. Bunge la Uskoti lilikataa pendekezo hilo.

Benki ya Paris

Mfalme Louis XIV wa Ufaransa alipofariki tarehe 1 Septemba 1715 aliacha deni kubwa lililotokana na vita. Mrithi wake, Louis XV, alikuwa mtoto wa miaka 5, hivyo nchi iliongozwa kwa niaba yake na Philippe wa Orléans.

Mwezi Mei 1716 Philippe alimruhusu Law kufungua benki binafsi. Mtaji wake ulikuwa livre milioni 6. Robo ililipwa kwa sarafu na sehemu iliyobaki kwa hati za deni la serikali. Serikali za Ufaransa zilikuwa na mazoea ya kubadilisha thamani ya sarafu mara kwa mara, jambo lililowaumiza wafanyabiashara. Law aliahidi kulipa kila noti kwa sarafu zenye uzito uleule wa siku ilipotolewa. Kwa sababu hiyo noti zake ziliaminiwa, na mwaka 1717 zilianza kupokewa katika malipo ya kodi. Mwezi Desemba 1718 benki ilifanywa kuwa ya mfalme. Tangu hapo idadi ya noti iliamuliwa na serikali.

Kampuni ya Mississippi

Mwaka 1717 Law alianzisha kampuni iliyopewa haki ya pekee ya biashara ya Louisiana, koloni la Ufaransa katika Amerika ya Kaskazini. Mji wa New Orleans, ulioanzishwa na kampuni hiyo mwaka 1718, ulipewa jina la Philippe. Kampuni ilishiriki pia katika biashara ya watumwa: mwaka 1719 meli zake zilianza kuwafikisha Louisiana watu waliotekwa Afrika ya Magharibi.

Baadaye kampuni ilichukua biashara ya Bahari ya Hindi, kiwanda cha sarafu, ukusanyaji wa kodi na hatimaye deni la taifa lenyewe. Wenye hati za deni walitakiwa kuzibadilisha kwa hisa. Benki ilikopesha noti kwa wanunuzi wa hisa, na bei ya hisa moja ilipanda kutoka livre 500 hadi takriban 10,000 kufikia mwisho wa mwaka 1719. Mwezi Januari 1720 Law akawa waziri wa fedha.

Anguko

Waliotaka kuuza hisa na kuchukua sarafu walipoongezeka, Law alizuia watu kuwa na zaidi ya livre 500 za sarafu. Mwezi Machi 1720 aliagiza kila hisa inunuliwe kwa livre 9,000. Ili kutimiza agizo hilo, noti nyingi mno zilichapishwa na bei za bidhaa zikapanda sana.

Tarehe 21 Mei ilitolewa amri ya kupunguza hatua kwa hatua thamani ya noti hadi nusu. Hasira ya watu iliifanya serikali kuifuta baada ya siku chache, lakini imani ilikwisha kupotea. Mwezi Julai watu kadhaa walikufa katika msongamano mbele ya benki, walipokuwa wakisubiri kubadilisha noti. Familia zilizouza mali zao na kupokea karatasi zilibaki maskini, wakati wale waliowahi kuuza hisa zao walitajirika.

Miaka ya mwisho na urithi

Law aliondoka Ufaransa mwezi Desemba 1720, akaacha mali yake huko. Alifariki Venice bila utajiri wake wa zamani, na kaburi lake limo katika kanisa la San Moisè.

Kwa muda mrefu Wafaransa waliogopa noti na hata neno benki. Benki ya Ufaransa ilianzishwa mwaka 1800 tu. Hata hivyo, leo karibu nchi zote hutumia noti zisizobadilishwa kwa dhahabu, kama Law alivyoona kwamba inawezekana. Kosa lake kubwa lilikuwa kuunganisha utoaji wa noti, deni la serikali na bei ya hisa chini ya uongozi mmoja, bila chombo kingine chenye uwezo wa kuuzuia. Ndiyo sababu mojawapo ya nchi nyingi kuipa benki kuu uhuru fulani mbele ya serikali.