Muyaka, Malenga Aliyekaa Vifuani mwa Watu

Jina la Muyaka bin Haji al-Ghassaniy halijapata kuwa geni Mvita. Alizaliwa yapata mwaka 1776, akafariki kiasi cha 1840. Sehemu kubwa ya umri wake aliishi chini ya utawala wa Mazrui, uliong'olewa na Seyyid Said mwaka 1837. Mombasa ilipopigana na Lamu huko Shela, mapema katika karne ya 19, ulimi wa Muyaka ulikuwa silaha ya mji wake.

Kabla yake, utungo uliotukuzwa mno pwani ulikuwa utenzi wa dini. Muyaka alishika ubeti wa mishororo minne, akautia njaa na neema, mapenzi na husuda, siasa na mafumbo. Ushairi ukatoka msikitini, ukaingia sokoni.

Sasa natupime jambo moja. Neno kanuni tumelizoea katika sheria. Kadhi wa mwambao alikuwa na Minhaj ya Imamu Nawawi, kitabu cha madhehebu ya Shafii kilichonakiliwa na kusherehewa kwa karne nyingi. Penye shaka, kilifunuliwa. Muyaka hakuacha diwani iliyopangwa. Mashairi yake yalikaa vifuani mwa watu, na kila jeneza lililotoka mjini liliweza kwenda na beti zake.

Aliyeiziba hasara hiyo ni Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, naye malenga wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1890. Aliyakusanya mashairi, akayaandika kwa herufi za Kiarabu, akamfafanulia mmishionari Mwingereza, William Taylor. Kutokana na hazina hiyo William Hichens alitoa Diwani ya Muyaka huko Johannesburg mwaka 1940, karne nzima baada ya malenga kuzikwa. Mwaka 1979 Profesa Mohamed Hassan Abdulaziz akatoa kitabu chake juu ya Muyaka.

Basi Muyaka tunayemfanya kipimo cha ushairi ni yule aliyepenya mlango mwembamba. Yaliyokosa mpokezi yamepotea, na pengine yalikuwa mazuri vilevile.

Katika elimu ya hadithi huulizwa kwanza: umepokea kwa nani? Katika ushairi, anayemsifu Muyaka hana budi kumtaja Sikujua. Na mwenye mzee nyumbani aliyehifadhi tungo za kale, ashike kalamu kungali mapema.