BIBI TITI BAADA YA MAKOFI

Tangu mashindano ya urembo yaliporudishwa nchini mwaka 1994, baada ya kupigwa marufuku kwa miaka zaidi ya 20, wasichana wengi wa mikoani, wa Mara wakiwamo, wamevishwa mataji. Kila mara watu wa Musoma na Bunda huulizana: mshindi yule wa juzi amekuwa nani leo? Swali hilo ni la haki, lakini ni la kale kuliko mataji yenyewe. Zamani msichana wa mjini alipata sifa katika ngoma. Makundi ya wanawake yalishindana kwa sauti na kwa mavazi, na mwimbaji hodari alijulikana mtaa kwa mtaa.

Mmoja wao alikuwa Bibi Titi Mohamed, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1926. Elimu yake ya shule ilikuwa ndogo, naye aliozwa angali mdogo. Jina alilipata kwa kuongoza nyimbo za kikundi kiitwacho Bomba. Angeliishia hapo, tusingemwandika.

Watu wa Butiama wanayo sababu ya pekee ya kumkumbuka. Mwaka 1955 kijana wao, Mwalimu Julius Nyerere, aliacha kazi ya ualimu Pugu akarudi nyumbani kwa miezi kadhaa. Chama cha TANU kilikuwa bado kichanga, na watumishi wa serikali walikatazwa kujiunga nacho. Katika mwaka huo huo Bibi Titi alichaguliwa kuongoza wanawake wa TANU. Hakuanza kwa kuandika barua. Aliwaendea viongozi wa ngoma aliowajua, na hao wakawaita wenzao, wapika pombe na wauza maandazi, wakapita nyumba kwa nyumba. Yasemekana katika muda wa miezi mitatu walipatikana wanachama wanawake wapatao 5,000. Mtandao wa ngoma ukawa mtandao wa chama. Wasomi wetu, twaona, hawajalipima jambo hili vya kutosha.

Baada ya Uhuru alikuwa mwenyekiti wa Umoja wa Wanawake na waziri mdogo. Mwaka 1965 alishindwa ubunge Rufiji. Mwaka 1967 lilikuja Azimio la Arusha, likamkataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha. Bibi Titi hakukubali, akajiuzulu katika uongozi wa chama. Sisi twaamini kwamba sharti lile lilikuwa la lazima. Lakini yatupasa pia kusema kwamba mwanamke asiyekuwa na mshahara wala pensheni aliona katika nyumba zake ulinzi wa uzee wake, na kwamba alisema wazi pale ambapo wengine walinyamaza.

Oktoba 1969 alikamatwa pamoja na Ndugu Michael Kamaliza, aliyekuwa kiongozi wa vyama vya wafanyakazi na waziri wa kazi, na maofisa kadhaa wa jeshi. Wakashtakiwa kwa uhaini. Bibi Titi alikana, lakini alihukumiwa kifungo cha maisha. Mwaka 1972 Mwalimu, yule yule wa Butiama, alimwachilia huru.

Akarudi nyumbani akakuta ndoa imevunjika na marafiki wameadimika. Waliokuwa wakimwimbia walipita mbali na mlango wake. Miaka ikapita karibu 20 jina lake likitajwa kwa nadra, hata mwaka 1991, nchi iliposherehekea miaka 30 ya Uhuru, gazeti la chama lilipomtaja tena kuwa shujaa wa mapambano yale. Alikuwa na umri wa miaka 65.

Alifariki Johannesburg, Afrika Kusini, Novemba 5, 2000, mwaka mmoja na siku chache baada ya Mwalimu kuzikwa Butiama. Barabara yenye jina lake Dar es Salaam hupita kando ya viwanja vya Mnazi Mmoja.