Tippu Tip: Magobore mengi au bunduki moja ya risasi 15?

Chienge, mji mdogo ulio kwenye kona ya kaskazini mashariki ya Ziwa Mweru nchini Zambia, ni nchi ya samaki na ya wafanyabiashara wanaokwenda na kurudi Pweto, upande wa Kongo. Zaidi ya miaka 150 iliyopita bidhaa zilizopita katika ukanda huo zilikuwa pembe za ndovu, shaba, chumvi na watumwa. Bidhaa iliyoamua nani auze na nani anyang'anywe ilikuwa bunduki. Miongoni mwa walioijua vizuri biashara hiyo ni Hamed bin Muhammed el Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip.

Alizaliwa Zanzibar yapata mwaka 1837 katika ukoo wa wafanyabiashara wa misafara. Baba yake, Muhammed bin Juma, alikuwa na makao karibu na Tabora, na kijana huyo alianza safari za bara akiwa na umri wa miaka 18 hivi. Jina la Tippu Tip lina maelezo mawili. Wapo wanaosema lilitokana na macho yake yaliyokuwa yakipepesa. Mwenyewe alisema ni mlio wa bunduki zake.

Mtaji wake wa awali haukuwa mkubwa. Kama wengi wa wakati huo, alichukua bidhaa kwa mali kauli, yaani kwa mkopo, kutoka kwa matajiri wa Zanzibar. Baadaye mdhamini wake mkubwa alikuwa Taria Topan, tajiri wa Kihindi aliyesimamia pia forodha ya Zanzibar. Vitambaa, shanga, bunduki na baruti vilikwenda bara, na deni lililipwa kwa pembe. Aliyepoteza mali njiani alibaki na deni lake.

Vita vya Itabwa, 1867

Mwaka 1867 Tippu Tip aliingia Itabwa, nchi ya Watabwa iliyo kati ya Ziwa Mweru na Ziwa Tanganyika. Mtawala wake, Nsama, alikuwa mzee sana na aliogopwa. Miaka mingi kabla ya hapo alikuwa amewashinda Waarabu waliokuja kufanya biashara na kuchukua mali yao. Wenzake Tippu Tip walimshauri asiende, lakini alikwenda kwa sababu pembe zilikuwepo.

Mazungumzo ya biashara yaligeuka kuwa vita ndani ya boma la Nsama. Tippu Tip alijeruhiwa kwa mishale, lakini watu wa Nsama walitegemea zaidi pinde na mikuki, na bunduki ziliwashinda. Kwa hesabu aliyoitoa mwenyewe, alipata humo frasila 1,950 za pembe na frasila 700 za shaba, mbali na chumvi. Kwa kuwa frasila moja ni kama kilo 16, pembe hizo peke yake zilikuwa takriban tani 31. Mali hiyo haikununuliwa, ilitekwa. Watu walitekwa pia, na mabega ya watumwa na wapagazi ndiyo yaliyokuwa magari ya biashara hiyo.

David Livingstone alikuwa katika eneo hilo wakati huo, njia yake ikiwa imefungwa na vita. Mwezi Julai 1867 alikutana na Tippu Tip, akapewa mbuzi, kitambaa, shanga na nafaka. Baadaye Nsama alifanya amani na wafanyabiashara, na binti yake akaolewa na mmoja wao. Livingstone akaendelea na safari, akafika Ziwa Mweru mwezi Novemba mwaka huo. Tippu Tip alisonga mbele kuelekea Lualaba, na ndugu yake wa mama mmoja, Muhammed bin Masud, aliyeitwa Kumbakumba, akabaki Itabwa akikusanya pembe.

Bunduki zilizochakaa za Ulaya

Silaha zilizotumika katika vita hivyo zilikuwa hasa magobore, bunduki zinazoshindiliwa baruti na risasi kwa mdomoni. Katika miaka ya 1860 majeshi ya Ulaya yalianza kuyaacha na kuchukua bunduki mpya zinazopakiwa kwa nyuma. Magobore yaliyotumika yakawa mzigo, na madalali wakayapeleka Afrika kwa bei nafuu. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza mjini Zanzibar alikadiria kuwa bunduki zilizokuwa zikiingia zilikuwa kati ya 80,000 na 100,000 kwa mwaka.

Gobore lilikuwa na kasoro nyingi. Lilichelewa kupakiwa, halikulenga mbali na mvua ililinyamazisha. Lakini lilikuwa na faida moja kubwa kwa mtu aliye miezi kadhaa kutoka pwani: halikuchagua chakula. Baruti ilipatikana kwa wafanyabiashara wa pande zote mbili za bara, na risasi ikiadimika, kipande cha chuma au cha shaba ya Katanga kilitosha.

Bunduki ya Stanley

Mwezi Oktoba 1876 Henry Morton Stanley alifika Manyema, akakutana na Tippu Tip karibu na Kasongo. Miongoni mwa silaha zake alikuwa na Winchester ya Marekani. Bunduki hiyo ina mkono wa chuma chini ya kifyatulio. Ukisukumwa na kurudishwa, ganda tupu hutoka na risasi nyingine huingia.

Tippu Tip alisimulia mkasa huo katika kitabu chake cha maisha. Stanley aliwaambia kuwa bunduki hiyo inatoa risasi 15. Tippu Tip aliuliza kama ni kwa mtutu mmoja, akaambiwa ndiyo. Bomba la pili lililo chini ya mtutu alilidhani kuwa mdeki tu. Akaomba ipigwe waione, lakini Stanley alitaka kwanza alipwe reale 20 au 30. Tippu Tip aliona ni uongo, naye akamjibu kwa mzaha kuwa huko Lomami upo upinde unaorusha mishale 20 kwa mara moja, na kila mshale unaua mtu. Hapo Stanley alitoka nje, akapiga risasi 12, kisha akachukua bastola akapiga sita. Wote wakastaajabu.

Swali alilouliza baada ya hapo ni la mfanyabiashara. Alitaka kujua risasi zinapakiwaje, naye akaonyeshwa. Jibu hilo ndilo lililobeba hesabu yote. Winchester ilikula risasi za kiwandani peke yake, zenye ganda lake na kipimo chake. Mtu angeweza kutoa magobore kadhaa apate moja, lakini risasi zikiisha huko Manyema angebaki na fimbo ya bei ghali.

Tippu Tip alikubali kumsindikiza Stanley kwa malipo, lakini nguvu zake ziliendelea kusimama juu ya wingi wa magobore na baruti.

Mkataba wa 1887

Ukweli huo ulijitokeza tena baada ya miaka 11. Februari 1887 mjini Zanzibar, Tippu Tip alikubali kuwa wali wa Stanley Falls kwa niaba ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji, kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwezi. Alikubali pia kumpatia Stanley wapagazi 600 kwa msafara wa kumwokoa Emin Pasha. Msafara huo ulikuwa na bunduki 510 za Remington, Winchester 50 na mzinga wa Maxim.

Watu wa Tippu Tip hawakuhitaji Winchester, walihitaji baruti na fataki. Tippu Tip alidai kuwa Stanley aliahidi kuvitoa na hakuvileta. Wapagazi wakachelewa, na walipotolewa Juni 1888 walikuwa zaidi kidogo ya 400. Kila upande ulimlaumu mwenzake.

Mlango wafungwa

Mwaka 1890 mataifa yaliyokutana Brussels yalizuia kuingiza bunduki za kisasa kati ya nyuzi 20 kaskazini na nyuzi 22 kusini mwa ikweta. Magobore yasiyo na mifuo yaliweza kuruhusiwa chini ya usimamizi wa serikali. Chienge na njia zote za Tippu Tip zilikuwa ndani ya mipaka hiyo, na mwaka 1891 Waingereza walifungua kituo chao hapo Chienge. Aliyekuwa na bunduki ya kisasa sasa ndiye pia aliyeshika ufunguo wa ghala la risasi.

Tippu Tip aliondoka Kongo mwaka 1890, akarudi Zanzibar. Mwanawe Sefu alibaki, akapigana na majeshi ya Leopold. Kasongo ilianguka Aprili 1893, na Sefu akauawa Oktoba mwaka huo. Baba yake aliandika habari za maisha yake kwa Kiswahili, akafariki Zanzibar Juni 1905.

Wengi wanamkumbuka kwa utajiri wake, na vizazi vya waliotekwa vinamkumbuka kwa jambo jingine. Kwa wanaofanya biashara ya kuvuka mipaka, maisha yake yana fundisho lisilohusu bunduki tu. Anayenunua mashine iliyotumika, iwe injini ya boti au kinu cha kusaga, hununua pia utegemezi kwa yule anayeuza vipuri vyake. Bei ya kwanza hulipwa mara moja, lakini hiyo ya pili hulipwa kila mwezi, na anayeipanga ni mwingine.