Fireball Roberts, dereva aliyeungua kabla ya kuja tangi salama la mafuta

Jina lake halisi lilikuwa Edward Glenn Roberts, lakini mashabiki wa mbio za magari nchini Marekani walimjua kama Fireball, yaani mpira wa moto. Wengi hudhani jina hilo lilitokana na kifo chake. La hasha. Alilipata ujanani, kwa kasi ya mpira aliourusha katika mchezo wa besiboli.

Alizaliwa jimboni Florida Januari 20, 1929. Katika mashindano makuu ya NASCAR alipata ushindi mara 33, ukiwemo wa Daytona 500 mwaka 1962.

Mei 24, 1964, alishiriki mbio za World 600 mjini Charlotte, North Carolina. Katika mzunguko wa 7, magari ya Ned Jarrett na Junior Johnson yaligongana mbele yake. Roberts alijaribu kuyakwepa, gari lake likagonga ukuta na kupinduka. Petroli ikamwagika na kulipuka. Jarrett alimkimbilia akamvuta kutoka katika miali, na mikono yake mwenyewe ikaungua. Roberts hakuwa amevaa mavazi yaliyotiwa dawa ya kuzuia moto, kwani alikuwa na pumu na dawa hiyo ilimdhuru. Alifariki hospitalini Julai 2, akiwa na umri wa miaka 35.

Siku 6 tu baada ya ajali hiyo, ajali ya moto iliwaua Eddie Sachs na Dave MacDonald katika mbio za Indianapolis 500. Baada ya misiba hiyo haikuwezekana tena kuyaita majanga hayo bahati mbaya, kwani chanzo kilikuwa wazi: mafuta mengi ndani ya tangi linalochanika likigongwa.

Kampuni ya matairi ya Firestone ilikuwa miongoni mwa waliotafuta dawa. Tangi jipya lilikuwa mfuko wa kitambaa kigumu kilichopakwa mpira, uliowekwa ndani ya sanduku la chuma. Sanduku likibonyea, mfuko hubonyea nalo bila kupasuka. Ndani yake hujazwa sponji yenye vitundu, ambayo huzuia mafuta kuyumba. Na hata mfuko ukitoboka, mafuta huchuruzika badala ya kumwagika yote kwa mkupuo. NASCAR iliyafanya matangi hayo kuwa ya lazima, na magari ya Formula 1 yakawekewa sharti la kutumia mifuko ya mpira mwaka 1970.