Mchungaji Bodelschwingh, Mkusanyaji wa Vipande Vilivyosalia

Siku za mavuno zifikapo hapa Chanika, huonekana mbele ya altare vitu vya namna nyingi: debe la mahindi, mkungu wa ndizi, kuku aliyefungwa miguu, na mara nyingine mayai matatu ndani ya kikombe. Ibada ikiisha, vitu hivyo hunadiwa nje ya kanisa, na fedha yake huandikwa katika daftari la usharika. Lakini tumeona na jambo jingine. Katika miaka ya mvua haba wako watu wanaobaki nyumbani Jumapili hiyo, kwa kuwa shamba halikutoa kitu cha kuonyesha mbele ya wenzao, nao huona haya kuja na kibaba kimoja. Wengine husema ya kwamba kazi za kanisa ni za wenye mali, au za wafadhili walio ng'ambo, maana sisi tu maskini. Kwa ajili ya hao, na kwa ajili yetu walimu na wazee tunaohesabu sadaka, twataka kusimulia habari za mtu mmoja wa zamani. Yeye hakukanyaga nchi ya Afrika hata siku moja, walakini kazi yake ilifika katika milima ile tuionayo tukisafiri kwenda Korogwe.

Friedrich von Bodelschwingh alizaliwa tarehe 6 Machi 1831 katika nchi ya Westfalen, upande wa magharibi wa Ujerumani. Hakuzaliwa katika nyumba ya shida. Baba yake, Ernst, alikuwa mtu mkuu katika serikali ya Prussia. Aliwekwa kuwa waziri wa fedha, kisha waziri wa mambo ya ndani. Jamaa walipokaa Berlin, mtoto huyu alicheza pamoja na kijana wa nyumba ya kifalme, ndiye aliyekuja kuwa Kaisari Friedrich wa Tatu mwaka 1888 na kutawala siku 99 tu. Aliyemwona wakati ule angalidhani kwamba na yeye atakuwa bwana mkubwa wa serikali.

Lakini alipokuwa kijana alipenda ukulima, akawa msimamizi katika shamba kubwa huko Gramenz, nchi ya Pomerania. Twaona kwamba hapo ndipo alipojifunza uwakili, kabla hajaenda shule yo yote ya dini. Shamba halikuwa lake, wala ng'ombe, wala mavuno; hesabu yote ilikuwa ya mwenyewe. Tena aliwaona vibarua wa shamba lile jinsi walivyoishi katika ufukara na ulevi, akahuzunika. Akawa akiwagawia watoto wao vijitabu vya dini. Siku moja akasoma mwenyewe kijitabu kimojawapo, kilichosimulia habari za mtoto maskini wa Kichina, na moyo wake ukageuka. Akaazimu kuwa mmisionari. Mwaka 1854 akaenda Basel kusoma elimu ya Mungu, kisha Erlangen na Berlin.

Alipomaliza masomo hakupelekwa Asia wala Afrika. Mwaka 1858 aliitwa Paris, mji mkuu wa Ufaransa, kwa ajili ya Wajerumani maskini waliohamia huko kutafuta riziki. Wengi wao walikuwa wafagiaji wa barabara na waokotaji wa matambara. Watoto wao hawakuwa na shule, na wazazi hawakuwa na kanisa. Kijana huyu, mwana wa waziri, akaingia katika vyumba vyao, akaanza kuwafundisha watoto, hata baadaye akajenga shule na kanisa juu ya kilima. Fedha ya kujengea aliiomba kwa Wakristo wa Ujerumani. Kuomba kwa ajili ya wengine ni kazi ngumu kwa mtu aliyelelewa katika nyumba ya heshima, naye aliijifunza kazi hiyo Paris, wala hakuiacha mpaka kufa kwake.

Mwaka 1861 alimwoa binamu yake, Ida. Mwaka 1864 wakarudi Ujerumani, naye akawa mchungaji wa usharika wa Dellwig, kijijini. Walijaliwa watoto wanne. Basi, mwezi wa Januari 1869 maradhi ya kifua yaliingia nyumbani mwao, na katika muda usiotimia majuma mawili watoto wote wanne walikufa. Nyumba iliyokuwa na kelele za watoto ikawa kimya. Hatutaki kupita hapa kwa haraka, maana katika sharika zetu wako wazazi wanaoijua njia ya makaburini zaidi ya mara moja, nao wajua kwamba msiba wa namna hii huweza kumfunga mtu mikono na moyo. Bodelschwingh mwenyewe alikiri baadaye ya kuwa siku zile ndizo zilizomfundisha jinsi Mungu awezavyo kuwa mgumu, na kwamba kwa sababu hiyo alipata kuwa na huruma kwa watu. Mungu aliwapa tena watoto wanne, nao waliishi.

Miaka mitatu baada ya msiba ule, yaani Januari 1872, aliitwa kwenda karibu na mji wa Bielefeld. Palikuwako nyumba ndogo ya wagonjwa wa kifafa, iliyofunguliwa mwaka 1867, na nyumba ya masista iliyofunguliwa mwaka 1869. Hatuhitaji kuwaeleza wasomaji wetu jinsi mwenye kifafa anavyotazamwa. Hata huku kwetu wako waliotengewa sahani na kikombe chao, na watoto waliotolewa shuleni kwa kuwa wenzao waliogopa. Ulaya ya wakati ule haikuwa bora. Bodelschwingh akapaita mahali pale Betheli, nyumba ya Mungu, na majumba yaliyoongezeka mwaka kwa mwaka yakapewa majina ya Maandiko: Sarepta ya masista, Nazareti ya mashemasi, kanisa la Sayuni lililowekwa wakfu mwaka 1884. Mahali pale pakawa kama mji.

Katika mji huo palikuwa na desturi iliyowashangaza wageni: wagonjwa walifanya kazi. Mwenye kuweza kulima alilima, mwenye kuweza kushona alishona, na aliyeweza kufagia tu alipewa ufagio. Haikuwa kwa sababu ya uchoyo wa chakula. Bodelschwingh aliona ya kwamba mtu anayepokea tu siku zote, pasipo kutakiwa kitu, huanza kujihesabu kuwa si kitu. Basi hata mnyonge kabisa alipewa la kufanya kwa ajili ya mwenzake, naye akawa mtoaji.

Sasa, fedha ya majumba hayo yote ilitoka wapi? Wenye mali walitoa, ni kweli. Naye alijua sana njia ya kwenda kwenye milango ya wakubwa, maana alikuwa mtu wa nyumba zao. Lakini hakutegemea hao peke yao. Aliandika barua na vijitabu bila kuchoka, akiomba pfenigi, fedha ndogo kabisa ya Kijerumani, ambayo mia yake ndiyo iliyofanya mark moja. Aliomba kwa watumishi wa nyumbani, kwa wajane, na kwa watoto wa shule za Jumapili. Watu wakamjua kuwa ndiye mwombaji hodari kuliko wote wa nchi ile, wala yeye hakuona aibu. Tena alishika sana jambo moja ambalo sisi wazee wa kanisa twalisahau mara nyingi: kila aliyetoa alishukuriwa, ijapokuwa alileta kidogo sana. Hata leo Betheli wanayo ofisi ambayo jina lake lenyewe maana yake ni mahali pa kushukuru. Na sisi je? Mara ngapi tumesoma kwa sauti kubwa majina ya waliotoa noti, na yule wa mayai matatu tukampita?

Mnamo mwaka 1890 alianzisha jambo jingine. Aliikumbuka habari ya Bwana Yesu alipowalisha watu elfu tano, jinsi alivyowaagiza wanafunzi wavikusanye vipande vilivyosalia, kisipotee kitu. Akawaomba watu wa Ujerumani wampelekee vile wasivyovihitaji: nguo zilizochakaa, viatu vya mguu mmoja, saa zilizokufa, vyombo vilivyopasuka. Mizigo ikaja kutoka kila upande. Wagonjwa wa Betheli wakavichambua, wakavitengeneza, na vilivyofaa vikauzwa kwa bei ndogo au kupewa wahitaji. Wengine walicheka, wakisema mchungaji amegeuka muuza takataka. Labda walisahau kwamba aliwahi kuwa mchungaji wa waokotaji matambara huko Paris, na ya kuwa alikuwa amekwisha kuona jinsi kitambaa kilichotupwa kinavyoweza kumlisha mtoto. Kazi ile yaendelea hata sasa.

Kwa wazururaji wasio na kazi alifanya vivyo hivyo. Walikuwa maelfu barabarani siku zile, wakiomba mlango kwa mlango. Mwaka 1882 aliwafungulia makao ya Wilhelmsdorf katika nchi ya mchanga isiyolimwa, wapate kazi na kitanda badala ya senti ya kuwaondoa mlangoni. Mwaka 1903, akiwa mzee wa miaka 72, aliingia katika baraza la kutunga sheria la Prussia kwa ajili ya hao tu, na sheria ikapatikana mwaka 1907. Karibu na Berlin aliwajengea makao mengine, akasisitiza kila mtu apate chumba chake mwenyewe, ijapokuwa ni kidogo, wasilale kama magunia ghalani.

Tugeuke sasa kuja kwetu. Mwaka 1886 ilianzishwa Berlin jumuiya ya misioni kwa ajili ya Afrika ya Mashariki, katika miaka ile ile Wajerumani walipokuwa wakiitwaa nchi. Hatufichi ya kwamba baadhi ya walioianzisha walitaka Injili iwe mtumishi wa utawala wao. Wala Bodelschwingh mwenyewe hakuupinga utawala huo. Lakini alipoingia katika uongozi wa jumuiya hiyo mwaka 1890, aliivuta kuelekea kwenye kazi ya kanisa na ya huruma, akatoa mashemasi na masista wa Betheli waje huku. Mwaka 1891 wamisionari Johanssen na Wohlrab walianza kazi Mlalo, katika milima ya Usambara. Baadaye zikafuata Vuga na Bumbuli. Mwaka 1906 makao makuu ya jumuiya yalihamia Betheli.

Na katika milima ya upande wa Korogwe, mwaka 1896, palifunguliwa Lutindi. Kwanza palikuwa makao ya watoto waliokombolewa katika utumwa, ambao wengi hawakujua tena kwao ni wapi. Waliowatunza ni mashemasi waliolelewa katika nyumba ya Nazareti. Watoto walipokuwa wakubwa na biashara ile ya dhambi ilipokoma, kufikia mwaka 1905 Lutindi palikuwa mahali pa kuwatunza wagonjwa wa akili, waliokuwa wakifungwa kamba au kuachwa waende porini. Tufikiri kidogo: katika fedha iliyolisha watoto wale na wagonjwa wale zilikuwamo na pfenigi za watumishi wa nyumbani na za wajane wa Westfalen, watu ambao nao walihesabiwa kuwa maskini katika nchi yao, na ambao hawakupata kuiona Lutindi.

Bodelschwingh alifariki Betheli tarehe 2 Aprili 1910, akiwa na umri wa miaka 79. Mkewe Ida alikuwa amemtangulia mwaka 1894. Mwanawe, aitwaye Friedrich kama baba yake, akaishika kazi.

Haikupita miaka mingi, vita kuu ikaja. Mwaka 1916 Waingereza waliitwaa Usambara, na wamisionari wa Kijerumani wakaondolewa. Fedha ya Betheli haikufika tena. Ndipo ilipojulikana kama sharika ni watoto wa kupokea tu au sivyo. Walimu wenyeji na wazee wakabaki peke yao, wakafundisha, wakazika, wakakusanya watu siku ya Bwana, na kanisa halikufa. Wamisionari walirejea baada ya mwaka 1925, wakaondolewa tena vita ya pili ilipoanza mwaka 1939, na Walutheri wa Marekani wakasaidia kuzitunza kazi zilizoachwa yatima. Mwaka 1963 makanisa saba ya Kilutheri yaliungana kuwa kanisa moja la nchi yetu. Atakaye kuelewa kwa nini liliweza kusimama na asome habari za miaka ile ya ukiwa, wakati kibaba cha mahindi cha mama wa kijijini kilipokuwa ndicho posho ya mwalimu.

Lutindi ingaliko, hospitali ya kanisa letu, juu ya milima, katikati ya mashamba ya chai. Wagonjwa wake hawakai bure. Walio na nguvu huenda shambani, wengine husuka vikapu, wengine hufanya kazi ya useremala, na vitu wanavyovitengeneza huuzwa, na fedha yake husaidia matunzo yao na ya wenzao walio dhaifu zaidi.