Andrew Carnegie na Deni la Kanali

Andrew Carnegie alizaliwa tarehe 25 Novemba 1835 mjini Dunfermline, Uskochi. Baba yake alikuwa mfumaji wa nguo kwa mikono, na mitambo ya mvuke ilipoenea kazi hiyo ilimponyoka. Mwaka 1848 jamaa nzima ilihamia Allegheny, katika jimbo la Pennsylvania, Marekani. Huko kijana huyo aliajiriwa katika kiwanda cha pamba kwa dola 1.20 kwa juma, kisha akawa tarishi wa kupeleka simu za maandishi.

Mjini humo aliishi Kanali James Anderson. Kila Jumamosi afisa huyo alifungua maktaba yake, yenye vitabu 400 hivi, ili vijana wafanyakazi waazime bila malipo. Baadaye ilipoamuliwa kwamba matarishi walipe dola 2 kwa mwaka, Carnegie, mwenye umri wa miaka 17, alipinga kwa barua katika gazeti, akashinda.

Alitajirika kwa chuma cha pua, na mwaka 1901 kampuni yake iliuzwa kwa dola milioni 480. Kwa fedha zake zilijengwa maktaba 2,509 katika nchi mbalimbali, ya kwanza ikifunguliwa Dunfermline mwaka 1883. Kwa kawaida alitoa jengo tu. Mji ulipaswa kutoa kiwanja, na kila mwaka kutenga asilimia 10 ya gharama ya ujenzi kwa uendeshaji, ili wananchi wenyewe wawe walinzi wa mali yao.

Hata hivyo, haki yatudai tuseme yote. Mwaka 1892 wakuu wa kiwanda chake cha Homestead waligombana na chama cha wafanyakazi. Walinzi wa kukodiwa walipambana na wafanyakazi, watu wa pande zote mbili wakauawa, na wanamgambo wa jimbo wakaitwa kurejesha amani. Carnegie alikuwa Uskochi. Mwaka 1898 maktaba ilifunguliwa Homestead, lakini mtu aliyetoka zamu ya saa 12 alibakiwa na nguvu gani ya kusoma?

Mwaka 1904 Carnegie alimjengea Kanali Anderson mnara wa kumbukumbu mjini Allegheny. Alifariki tarehe 11 Agosti 1919.

Ndugu askari, si kila mmoja wetu atamiliki viwanda. Lakini vitabu vichache kambini, vikiazimwa kwa nidhamu kila Jumamosi, havimshindi afisa yeyote.